Sala ya Udongo wa Kwanza

Katika jumuiya yetu ya Uru, sala ya jioni inapofika mwisho watu hugeuka. Wanakuwa wameielekea meza yenye msalaba na mshumaa, wamemaliza rozari, wamewaombea wagonjwa na marehemu wa nyumba iliyowapokea siku hiyo. Kisha anayeongoza husema, "Tuwaombee na wasafiri," na wote husimama na kuuelekea mlango, kwa sababu barabara iko upande huo. Nimesali Nairobi, nimesali Johannesburg, nimesali Gaborone kwa miaka mingi, na sijaona mahali pengine wanapofanya hivyo. Nilipokuwa mtoto nilidhani Wakristo wote duniani hugeuka.

Aliyeianzisha desturi hiyo ni mama yangu. Msafiri wake wa kwanza alikuwa kaka yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, aliyekwenda Vita vya Kagera akiwa kijana asiye na mke na hakurudi. Msafiri wa pili nilikuwa mimi.

Niseme kidogo habari zangu, maana sioni sababu ya kujificha. Niliondoka hapa na mfuko mmoja wa nguo nikaenda kufanya usafi katika hospitali moja ya Gaborone. Mchana nilipiga deki wodi, jioni nilisoma, na kabla nywele hazijaanza kubadilika rangi nilikuwa na diploma ya uuguzi niliyoilipia mwenyewe, bila mjomba, bila mume, bila mtu wa kunishika mkono. Diploma hiyo imetundikwa sebuleni, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu, na mgeni akiketi kwenye kochi kubwa lazima aione. Niliporudi nilifungua duka la dawa Moshi mjini, nikamjengea mama nyumba ndani ya kihamba cha baba, shamba letu la urithi, katikati ya migomba na kahawa. Ni nyumba ya kwanza kitongoji kizima kuwa na maji ya moto bombani. Waliosema mtoto wa kike hajengi kihambani, leo umeme ukikatika wanakuja kwangu kuchaji simu, kwa kuwa nina sola pia. Nawakaribisha. Mtu aliyefanikiwa hana nafasi ya kinyongo.

Siku niliyorudi, jumuiya ilisali kwetu. Ilipofika sala ya wasafiri watu wakasitasita, hawajui wageuke au wasigeuke. Mama akageuka wa kwanza. Akasema, "Mmoja amefika. Amebaki mmoja." Wote wakageuka naye.

Wakati ule sikumwelewa. Chini ya migomba yetu wamelala baba, babu na bibi, wamezungushiwa mimea ya masale, na kila Novemba padre hupita na maji ya baraka akitaja majina yao. Jina la kaka halikutajwa hata mara moja. Mimi ni muuguzi, nimewaona wodini mama wasiokubali kwamba mtoto amekwenda, wanaoendelea kumkunjia nguo. Nikajiambia mama yangu ni mmoja wao. Baba alipewa habari na maofisa waliokuja hadi nyumbani, akaambiwa mwanawe amezikwa kwa heshima huko Kagera pamoja na wenzake, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na palizi ya kahawa. Mama, niliamini, hakuwahi kuitikia.

Mwaka jana tuliletewa padre mpya, kijana, mchangamfu, anayependa mambo yawe na utaratibu. Akatangaza kwamba Siku ya Mashujaa parokia itakuwa na Misa ya kuwaombea wanajeshi wote waliotoka kwetu na kufa wakiwa kazini, wa Kagera na wale waliofia nje ya nchi katika ulinzi wa amani. Kila familia ingepeleka jina. Jina likisomwa, familia inasimama. Nilifurahi sana. Siku hiyo hiyo nilimwahidi padre maua ya altare, na nikamwambia vipaza sauti vya kanisa vinakoroma, nitaleta fundi wangu. Padre akaniomba nisome mimi hayo majina, kwa kuwa Kiswahili changu kinasikika hadi viti vya nyuma. Hilo ni kweli.

Nikaenda kumwambia mama. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori. Jiko la gesi nimemnunulia, lakini ndizi lazima amenye kwa kisu chake cha zamani.

"La kwetu halisomwi," akasema.

"Mama, kila familia inapeleka."

"Wapeleke. Sisi letu halisomwi."

Nikavuta kiti. Nikatumia sauti ile ninayoitumia kwa wagonjwa. "Mama, kaka amekufa. Ni muda mrefu. Hata moyo wako unajua."

Aliweka kisu chini akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani.

"Nani kakuambia sijui? Mimi nilijua amekufa wakati wewe hujui kuvaa viatu, unavaa cha kulia kushoto. Baba yako aliambiwa saa nne, mimi niliambiwa saa hiyo hiyo, nilikuwa nyuma ya mlango. Unafikiri nimekaa hapa namngojea aje na begi?"

"Sasa kwa nini unamwombea na wasafiri?"

"Kwa sababu hajafika."

Ndipo aliponieleza, na alieleza kwa utulivu huku akiendelea kumenya, kama anayetoa maelekezo ya kwenda sokoni. Kwetu mtu hafukiwi kimya kimya. Akishalazwa, kabla ya udongo kuanguka, mmoja husali, na wengine huitikia amina. Hata mtoto mchanga husaliwa hivyo. Hata mlevi aliyekufa mtaroni. Mama aliamini kwamba asiyesaliwa kabla ya udongo wa kwanza hushtuka, husimama njiani, hajui ameitwa na nani wala anakwenda wapi. Maofisa waliokuja kwa baba walieleza mengi, wapi, lini, namna gani. Hawakueleza hilo, na baba hakuuliza. Mama alikuwa nyuma ya mlango, na wakati ule mwanamke hakutoka nyuma ya mlango kuwauliza wakubwa maswali.

"Lakini kila mwaka wanaombewa, mama," nikasema. "Viongozi wanakwenda makaburini Kagera, mapadre, mashehe, wanaweka maua."

"Wanawaombea wote. Ni vizuri. Mimi nauliza huyu mmoja, siku ile, kabla ya udongo, nani alimsalia? Ukiniletea jibu, soma jina. Usipoleta, mimi nitageukia barabara mpaka nife, na wewe baada yangu utageuka."

Mimi nikiambiwa leta jibu, naleta. Ndivyo nilivyofika nilipo. Katika wateja wangu yuko mzee mmoja anayeishi mahali paitwapo Kwa Sadala, anachukua kwangu dawa za presha, naye alipigana vita hivyo. Nilimuuliza akiwa bado ameshika mfuko wake wa vidonge. Aliwauliza wenzake, wale wakauliza wenzao, na kabla dawa zake hazijaisha alirudi na habari kwamba Tarakea yuko mtu aliyekuwa kikosi kimoja na kaka yangu, na ndiye aliyekuwa karibu naye siku ile.

Nikamwachia msaidizi wangu duka, nikapanda hadi Tarakea, wilayani Rombo. Gari ni langu, na kona za barabara ile naziendesha mwenyewe. Tarakea ilikuwa siku ya soko, mahindi na maharage yamemwagwa kila upande, Wakenya wamevuka mpaka wanabishana bei. Mtu wangu nilimkuta kwenye kibanda cha kuuza magunia na kamba. Mzee mrefu, amenyooka, amefunga vifungo vyote vya koti mpaka shingoni. Nilimwamkia, nikamtajia jina la kaka yangu. Akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Nilijua iko siku mtu atakuja," akasema. "Nilidhani atakuwa wa kiume."

"Wa kiume wako Dar, mzee, wanasubiri Krismasi."

Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Mama yenu yupo?"

"Yupo, na ana swali moja tu. Siku mlipomzika kaka, nani alisali?"

Yule mzee akainuka, akachukua mafungu ya kamba yaliyokwisha kufungwa vizuri, akaanza kuyafunga upya. "Mwambie sijui."

"Hujui, au unataka nimwambie hujui?"

"Mwambie sijui, mwanangu. Nenda salama."

Nilimwachia namba yangu ya simu juu ya magunia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, lakini mama sikumwambia lolote. Nilimwambia nimekwenda kutazama bei ya maharage. Akaniuliza bei ikoje, nikamtajia. Siku zikapita, Julai ikaingia na baridi yake, ukungu unashuka mpaka kwenye kahawa na haupandi hadi saa sita, na padre akanipigia simu kuniuliza kama jina letu liko tayari. Nikamjibu bado.

Kisha Jumamosi asubuhi simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Niko stendi ya Moshi," sauti ikasema. "Nilipanda basi la kwanza kabla sijabadilisha mawazo. Njoo unichukue, maana nikikaa hapa nitapanda la kurudi."

Nilimkuta amesimama wima kando ya mfuko wa maharage, koti limefungwa vifungo vyote. Njia nzima ya kupanda Uru aliupakata mfuko wake. Tulipofika, mama alikuwa ameketi barazani kwenye jua dogo lililokuwepo. Nilimwambia tu kwamba huyu ni mzee wa Tarakea aliyekuwa na kaka vitani. Mama akamsalimu kwa Kichagga cha kwetu. Mgeni akajibu kwa cha Rombo. Wakatazamana.

"Hicho ni Kichagga au ni kikohozi?" mama akaniuliza kwa Kiswahili, ili mgeni asikie.

"Na sisi tunasema hivyo hivyo kuhusu nyinyi, mama," mzee akajibu. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umebeba nini?"

"Maharage, mama."

"Ya mwaka huu, au ni yale mliyobakiza vitani?"

Mzee akacheka, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo. Nikaleta chai. Alikunywa yote, akakiweka kikombe chini, akavua kofia, akaanza kusimulia jinsi kombora lilivyoanguka. Mama akainua mkono.

"Hayo tuliambiwa. Nipe ya baadaye."

Mzee akainamisha kichwa.

"Tulimchimbia pembeni mwa shamba la migomba, mama."

"Huko nako kuna migomba?"

"Mingi. Pengine kuliko hapa."

"Kuliko hapa, hapana. Endelea."

"Tulikuwa wachache. Kiongozi wetu akasema marehemu ni Mkatoliki, kwa hiyo asali Mkatoliki. Wakatoliki tulikuwa wawili tu. Mmoja yeye, aliyelala pale. Mwingine mimi." Akaigeuza kofia mikononi. "Mimi nimezaliwa kwenye dini, mama. Nilihudumu altareni. Nimewaona wakizikwa wangapi Rombo! Nikapiga ishara ya msalaba, nikafungua mdomo, na maneno yote yalikuwa yamekimbia. Raha ya milele imekimbia, Baba Yetu imekimbia. Wenzangu wameinamisha vichwa wananingojea. Ikaja sala moja tu, ile tuliyofundishwa wadogo."

"Ipi?"

Akaipangusa kofia vumbi lisilokuwepo.

"Ipi, baba?"

"Ya chakula, mama. Ya kabla ya kula."

Nilikuwa nimeshika birika, na nakumbuka sikujua niliweke wapi. Mama hakutikisika.

"Ukaisema yote?"

"Yote. Nilipofika pale pa kubariki vyakula nilisikia ninachosema, lakini sikuweza kurudi nyuma. Nikamaliza. Mama, sikuja kwenu miaka yote hii kwa sababu hiyo. Baadaye jeshi liliwahamishia kwenye makaburi ya heshima, wakasaliwa na mapadre, kila kitu kikafanywa sawasawa. Lakini siku ile ya kwanza mwanao alizikwa kwa sala ya ugali. Nimeungama kwa mapadre, wakaniambia si dhambi. Sawa, si dhambi. Lakini ningekuja kukuambia nini?"

Pembeni kuku walikuwa wanachakura. Mama aliweka mikono yote miwili juu ya mkongojo wake, na nilimtazama kwa jicho la kazi yangu, nikihofia presha. Akauliza swali moja tena, taratibu.

"Udongo ulikuwa umeanza kuanguka?"

"Bado. Mmoja alikuwa ameshika koleo, akangoja nimalize."

"Na amina?"

"Waliitikia wote. Alikuwepo Mwislamu wa Kondoa, alikuwa amefungua mikono, naye akasema amina."

"Hakuna aliyecheka?"

"Hakuna, mama. Nafikiri hakuna hata aliyesikia maneno. Walisikia kwamba mtu anasali."

Mama akashusha pumzi ndefu.

"Basi alisaliwa," akasema.

"Lakini si sala yenye—"

"Nani kakuuliza ni ipi? Wewe mtu, mimi miaka yote hii namwona amefunikwa kimya kimya kama ndizi zilizofukiwa ziive. Hakuna aliyesema neno, hakuna aliyevua kofia. Kumbe walikuwepo watu, wakasimama, mmoja akasali, wakaitikia, ndipo wakafukia. Unataka nini zaidi ya hapo?" Akamgonga gotini kwa mkongojo, si kwa nguvu. "Unakaa hapo Rombo na jibu langu, unauza magunia!"

"Nilikuwa naona haya, mama."

"Ungeona haya ya kunikawiza. Hata ile njia ni ya lami sasa."

Yule mzee alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa kofia. Mama akamwacha amalize. Kisha akaniambia nimsaidie kusimama, akamwamuru na yeye asimame.

"Sasa sema ile yenyewe, ya marehemu."

"Hapa, mama?"

"Unataka twende wapi? Sema. Unaikumbuka leo, au ilikukimbia moja kwa moja?"

Mzee akanyooka kama yuko gwaride. Akapiga ishara ya msalaba, akaanza Raha ya milele kwa haraka, maneno yanakanyagana. Mama akamkatiza.

"Taratibu. Leo hakuna anayetukimbiza."

Akaanza upya. Aliomba kaka yangu apewe raha ya milele, akalitamka jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, na sisi wawili tukaitikia kwamba mwanga wa milele umwangazie. Mama aliitikia kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu nirudi, sauti ya mtu anayeita shambani na anajua atasikiwa. Tulipomaliza, mzee akataka kuvaa kofia. Mama akamwambia asivae bado, akamshika mkono, wakashuka pamoja mpaka kwenye makaburi chini ya migomba, na pale akamtaja kaka kwa baba, kwa babu na kwa bibi, akiwaeleza kwa Kichagga habari zote alizoletewa. Mgeni hakuelewa neno, lakini alisimama kofia mkononi mpaka mwisho. Mimi nilibaki barazani. Yalikuwa mazungumzo yao.

Jioni ile nilimpigia padre simu nikampa jina.

Siku ya Misa kanisa lilijaa. Maua yalikuwa yangu, na vipaza sauti havikukoroma hata kidogo. Watu walinipongeza kwa hayo na nilipokea pongezi, kwa sababu nilistahili. Mama aliketi kiti cha mbele amevaa kitenge chake kipya. Mzee wa Tarakea aliketi upande wake wa kulia, ameingia na basi la kwanza tena. Baada ya mahubiri nikapanda kwenye mimbari nikaanza kusoma majina. Nilisoma jina, familia ikasimama. Nikasoma linalofuata, wale wa kwanza wakaketi na wengine wakasimama. Nilikuwa nimejizoeza nyumbani na sikukosea hata moja.

Nilipofika kwa kaka yangu niliona mama ameshasimama kabla sijamaliza kulitamka. Kwa kawaida hainuki bila kushikwa. Mzee alikuwa amenyoosha mkono amsaidie, mkono umebaki hewani, ikabidi asimame naye. Nikasoma jina lililofuata, la mtoto wa mama mwingine. Mama hakuketi. Nikasoma la baada yake. Niliona mzee akimnong'oneza na mama akitikisa kichwa. Nikaendelea kusoma, na kila nilipoinua macho alikuwa bado amesimama, mkongojo mbele yake, akiwageukia wote walioinuka, upande huu na upande ule, kama mwenye nyumba anayehesabu kama wageni wote wamepata viti.

Jina la mwisho lilikuwa la kijana aliyefia nje ya nchi miaka michache iliyopita, wa familia nisiyoifahamu. Wazazi wake walikuwa nyuma kabisa. Baba yake alisimama, mama yake akachelewa, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena. Kanisa zima lilimngoja, nami nikangoja. Mama yangu alikuwa amegeuka kabisa kumtazama. Yule mwanamke aliposimama na kunyooka vizuri, ndipo mama akaketi.